Kwangua Kwanza

Siku mliponiaga pale gereji, mmoja wenu aliniuliza ni gari gani lilinisumbua kuliko yote. Nikajibu kwa mzaha kwamba ni la shemeji yangu, kwa sababu kila Jumapili aliliegesha mlangoni kwangu likivuja. Mkacheka, tukala pilau, mkanipa saa ya ukutani. Nilipofika nyumbani nikaona sikujibu sawasawa. Gari lenyewe lipo, ila nisingeweza kulizungumzia nikiwa nimesimama mbele ya watu. Ndiyo maana naandika. Shule niliishia darasa la saba, na binti yangu ndiye anayeniwekea nukta. Vyeo sina vya kusimulia. Niliingia fundi wa kabureta na nimetoka fundi wa kabureta, kilichobadilika ni magoti.

Wengi wenu hamkumkuta Mzee Simioni, aliyeianzisha gereji. Siku yangu ya kwanza alinipa kabureta ya pikapu, beseni la petroli na brashi kuukuu ya meno. Nikaisafisha mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nikairudishia, nikasimama pembeni nikisubiri sifa. Mzee akafungua mlango wa abiria.

"Panda."

"Tunakwenda wapi, Mzee?"

"Sijui. Umefunga wewe. Aliyefunga anapanda."

Tukatoka njia ya Ihumwa. Gari likazima kabla hatujafika. Lile boya dogo linalopima petroli ndani ya kabureta nilikuwa nimelirudisha kichwa chini. Mzee hakunigombeza. Alikaa kwenye kivuli cha gari akala karanga, mimi nikaifungua kabureta upya kando ya barabara, na upepo wa Dodoma ukanijazia mchanga kwenye kila tundu nililokuwa nimelisafisha. Nilipomaliza akanibakishia karanga tatu hivi.

Hiyo ndiyo sheria ya gereji mnayoilalamikia mpaka leo. Gari halikabidhiwi mpaka aliyelifunga akae kiti cha abiria kwenye safari ya majaribio, na kama mlifunga wawili, mnapanda wawili. Mzee alisema mkono unakaza boliti vizuri zaidi ukijua tako litakaa wapi. Nimeona mafundi wakikumbuka katikati ya safari kwamba hawakukaza nati za gurudumu. Sura zao sizisahau.

Mambo mengine aliyonifundisha mmeyasikia kwangu mpaka mkachoka. Soma plagi kabla ya kumsikiliza mwenye gari. Ikitoka na rangi ya karanga iliyokaangwa, petroli na hewa vinaelewana. Ikitoka na masizi, petroli imezidi. Ikitoka nyeupe kama jivu, petroli haitoshi na moto ni mkali mno, hapo zima injini kwanza, maswali baadaye. Mwenye gari atakwambia limeanza leo asubuhi. Plagi itakwambia limeanza mwezi uliopita.

Mwanaidi alikuja mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Alikuwa mtu wa Busi, kule Kondoa, mjane, na alikuwa akiishi kwa dada yake Zaituni mtaa wa Kikuyu. Alifika gereji na kapu la ukindu. Sisi tukadhani anauza maandazi, mmoja wetu akaanza kutafuta sarafu. Akatoa dinamo ya lori.

"Nani aliitengeneza hii?" akauliza.

Tukamtazama aliyeitengeneza. Akatazama angani.

"Imesukwa vizuri," Mwanaidi akasema, "ila waya wa mwisho umeunganishwa kwa mate. Nimeuchomelea upya. Lori la kaka yangu linawaka taa sasa. Naomba kazi."

Mzee Simioni akamwambia, "Mama, gereji si jiko."

"Ndiyo maana nimekuja na koleo, Mzee. Mwiko nimeuacha nyumbani."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akampa gari lililokuwa limeshindikana, lenye taa za nyuma zinazowaka ukikanyaga breki na honi inayolia ukiwasha taa. Mwanaidi hakugusa waya hata mmoja wa hizo taa. Alitoa kwenye kapu kisu cha kupakia siagi kilichokatwa ncha na kuvingirishwa utepe mweusi wa umeme, akalala chini ya gari, tukasikia kr, kr, kr. Akatoka na vumbi kwenye ushungi, akasema, "Washa." Kila kitu kikakaa mahali pake.

Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya na hurudi kwa bodi. Waya wa kurudishia ukifungwa juu ya rangi au kutu, umeme hukosa njia na kuzunguka kwa majirani, ndipo honi inapolia kwa kosa la taa. Mwanaidi alikuwa na maneno mawili tu kwa kila fundi aliyemkuta ameshika waya wa bodi: "Kwangua kwanza!" Aliyasema asubuhi badala ya salamu. Aliyasema kwa wateja. Kuna mchungaji aliyeleta gari lake akaambiwa hivyo, akadhani ni habari za moyo wake, akashukuru.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi, mimi upande wa petroli, yeye upande wa umeme. Aliniita Fundi, nami nilimwita Mwanaidi. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa najificha nyuma ya stoo kula ugali wangu, siku moja akanifuata. "Kula pale mezani, Fundi. Njaa yangu haitokani na mdomo wako." Nikimwambia Warangi wamezoea milima mpaka kwenye tambarare wanajikwaa, ananijibu kwamba Wagogo hatuanzi jambo mpaka mlenda uive. Mzee Simioni alipofariki, ni yeye aliyezuia gereji isifungwe. Siku ya tatu alifika, akafagia, akawasha jiko la kuchomelea, akaniuliza, "Una kazi gani leo?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi anza na ile pikapu."

Sasa nifike kwenye gari.

Frank mlikuwa mkimwona. Ana duka la vifaa vya ujenzi Area D, kijana mwenye adabu, anasalimia mpaka mlinzi. Alikuwa na gari dogo la zamani lenye injini ya kabureta, amelipaka rangi ya bluu lote, ndani nje, mpaka chini ya boneti. Alikuwa akishindana na wenzake kwenye mbio za magari za kujipangia wenyewe, na alikuwa akishindwa na magari mapya. Akaja na boksi na mtungi wa bluu uliosafirishwa kutoka Dar.

"Shikamoo, Fundi. Nataka gari liruke."

"Marahaba. Nunua ndege."

"Ni gesi, Fundi. Naitrasi. Inafungwa kwenye kabureta."

Nilikuwa nimeisikia, sikuwahi kuishika. Nikamwambia Mwanaidi kwamba mimi sipendi injini inayosukumwa kutoka nyuma. Yeye alikuwa ameshafungua boksi na kupanga vitu kwenye gunia kwa ukubwa. Alikuwa akitabasamu. Wakati huo alikuwa ameanza kupungua, akasema ni vidonda vya tumbo, na nilikuwa na siku nyingi sijamwona akitabasamu hivyo. Nikakubali kazi.

Nitaeleza kidogo, maana kuna siku mtaletewa. Gesi ile haiwaki yenyewe. Inachofanya ni kuipa injini pumzi nyingi kwa mpigo, na pumzi ikizidi lazima petroli nayo izidi, kwa kipimo chake, kwa wakati uleule. Unatoa kabureta, chini yake unaweka sahani ya chuma yenye mirija miwili, mmoja wa gesi na mmoja wa petroli, halafu unarudisha kabureta juu. Kila mrija una valvu yake inayofunguliwa na umeme, na kijitundu cha kupimia. Anza na vijitundu vidogo kuliko vyote vilivyomo kwenye boksi, hata mwenye gari akinuna. Weka chujio jipya la petroli, na kwa vumbi letu hili, lingine la akiba. Rudisha nyuma muda wa plagi kuchoma. Swichi ya kwanza iwe kwenye dashibodi, ya pili kwenye kabureta yenyewe, ili gesi isipite mpaka pedali ikanyagwe hadi mwisho. Usifungulie gesi gari likiwa limesimama wala injini ikiwa inazunguka polepole, itapasuka. Mtungi usiachwe ndani ya gari juani. Jua la hapa linapandisha presha mpaka vipimo vyote vinakuwa vya uongo. Mwanaidi aliuvika gunia lililoloweshwa maji, kama tunavyofanya mitungi ya maji ya kunywa, na Frank akaona haya kidogo, lakini lilifanya kazi.

Na hili ndilo kubwa kuliko yote. Gesi ikifika na petroli isifike, moto utakula pistoni. Alumini inayeyuka kama mafuta ya mgando. Unapata sekunde chache za kuondoa mguu, na pengine huzipati.

Mwanaidi alifunga umeme wote akiwa amekaa juu ya kreti la soda, kwa sababu kusimama kulikuwa kunamchosha. Mara mbili alitoka nje akainama ukutani. Nilimwambia apumzike, akanijibu, "Nikipumzika nitajisikia." Alimaliza Ijumaa moja. Jumatatu hakuja. Zaituni alikuwa amempeleka hospitali.

Madaktari walimfungua, wakaangalia, wakamfunga. Sisi mafundi tunajua maana yake.

Gari lilikaa gereji limefunikwa turubai. Frank hakunisumbua, ila mbio zake zilikuwa zimekaribia, na kila akipita aliliangalia kama mtu anayeangalia sufuria iliyofunikwa. Nikamweleza sheria. Tulifunga wawili, tunapaswa kupanda wawili. Nikaenda Kikuyu kumwona Mwanaidi. Alikuwa amelala chumba cha mbele, kapu lake la ukindu liko chini ya kitanda, na koleo zake ndani.

"Bado halijajaribiwa?" akaniuliza kabla sijakaa.

"Tunakungoja wewe."

"Msiningoje. Nenda kajaribu, halafu uje uniambie lilivyolia. Na usije na maneno ya wagonjwa, Fundi. Nayapata ya kutosha."

Tukaenda upande wa Hombolo, kwenye kile kipande cha lami ya zamani kilichoachwa barabara ilipochepushwa. Mzee mmoja alikuwa amepitisha mbuzi katikati. Nikamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," nikamwomba awatoe mbuzi barabarani.

"Mnataka kufanya nini?"

"Kujaribu gari, mzee."

"Limeharibika?"

"Hapana, zima."

"Sasa gari zima linajaribiwa nini?" Akawaondoa mbuzi lakini hakuondoka. "Mkigonga hata mmoja, nitamchagua mimi ni yupi mtakayemlipia."

Frank aliendesha, mimi nikakaa kiti cha abiria. Alipofika gia ya tatu akakanyaga mpaka mwisho na kubonyeza kitufe cha gesi. Gari lilishtuka, likasita, halafu injini ikatoa mlio wa kokoto zikitikiswa ndani ya sufuria. Nikapiga kelele, "Achia!" Frank akaachia. Tukaserereka mpaka tukasimama. Yule mzee wa mbuzi akatufikia kwa miguu, akasema, "Nimewauliza mwanzo."

Nilitoa plagi zote. Nyeupe. Nikamulika ndani ya kila silinda kwa tochi, pistoni zilikuwa nzima. Tuliachia kwa wakati. Nikafungua upande wangu wote palepale: chujio safi, pampu inasukuma, vijitundu havina hata chembe. Upande wangu haukuwa na kosa. Nilikaa kwenye ile lami nikiwa na kibisibisi mkononi, nikatamani sana kosa liwe langu.

Frank alielewa bila kuambiwa. Tulipofika mjini akasema, "Fundi, tusimwambie. Mwambie limeruka. Mimi mbio naziacha, gari lipo tu."

Kikuyu nilimkuta Zaituni getini anapepeta mchele. Akanishika mkono. "Kaka Yona, mwambie limekwenda vizuri. Leo amekunywa uji wote. Nakuomba."

Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nitafanya.

Mwanaidi alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Alinitazama tangu mlangoni mpaka nilipovuta kigoda.

"Lilisita?"

Nilimtazama. Tangu anifahamu sikuwahi kumpa kazi mbovu nikasema ni nzuri, wala yeye kunipa mimi.

"Lilisita," nikasema.

Zaituni, aliyekuwa amenifuata, akageuka akatoka.

"Gesi ilitangulia?"

"Ilitangulia. Petroli ikaja nyuma, kama mtu aliyeamshwa usingizini."

"Plagi?"

"Nyeupe."

"Pistoni?"

"Nzima zote."

Akafumba macho. Nikasikia mchele ukipepetwa nje, haraka kuliko mwanzo. Nikadhani nimemmaliza.

"Ni waya wa bodi," akasema, macho bado yamefumbwa. "Wa valvu ya petroli. Nimeufunga kwenye boliti ya ukuta wa injini, upande wa kushoto. Siku ile nilitaka nimalize haraka, nilikuwa nataka kutapika." Akafumbua macho. "Sikukwangua, Fundi."

"Mwanaidi."

"Mimi! Sikukwangua!" Na akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na sijui yalikuwa ya nini. "Usinichekeshe, nitafumuka nyuzi."

"Sijasema kitu."

"Nyamaza hivyo hivyo."

Alipotulia akasema, "Wote wanaoingia humu wananiambia naonekana vizuri. Shehe kaniambia. Daktari kaniambia. Zaituni kila asubuhi. Wewe peke yako ndiye umekuja kuniambia petroli haikufika." Akanitazama. "Sasa niambie na hili. Naonekanaje?"

Sikutegemea. Nilitazama mikono yake juu ya shuka.

"Umeisha," nikasema. "Sidhani kama utarudi gereji."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyoitikia akipimiwa betri na kuambiwa haishiki tena chaji. "Na mimi nimeona hivyo," akasema. "Nilikuwa sina wa kusema naye." Akaniomba nivute kapu. Akalipapasa mpaka akapata kile kisu cha siagi, akanipa. "Kwangua. Halafu mje mnichukue. Nimefunga mimi."

Kesho yake nilifungua ile boliti. Chini ya pete ya waya rangi ya Frank ilikuwa nzima, bluu, inang'aa. Nikakwangua kwa kisu chake mpaka chuma kikatoka cheupe, nikapaka grisi kidogo kuzuia kutu, nikafunga. Nikakaa pale mbele ya injini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Mliokuwepo hamkunisemesha, na nawashukuru.

Zaituni alikataa katakata. Alisema gari litamuua. Mwanaidi akamwambia, "Dada, kazi ya kuniua imeshapata mwenyewe. Nifunge ushungi." Tulimbeba mimi na Frank. Alikuwa mwepesi kuliko betri ya lori, na nasema hivyo kwa sababu nimebeba vyote viwili. Tukamweka kiti cha abiria na mto mgongoni, mimi nikakaa nyuma, na ule mtungi uko nyuma yangu ndani ya gunia lake bichi. Kitufe kilikuwa na waya mrefu. Frank akamwekea mapajani.

Mzee wa mbuzi alikuwepo. Alituona, akaona na aliyekaa mbele, akawatoa mbuzi bila kuombwa.

"Upo tayari, mama?" Frank akauliza.

"Kwenye gari niite fundi. Kanyaga."

Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, pedali mpaka chini. Mimi niliona kisogo chake tu, ushungi wa maua mekundu, na bega lililoshuka kidogo alipobonyeza. Gari halikushtuka. Lilienda. Lilisukuma kama mkono uliowekwa mgongoni, mlio mmoja, uliojaa, haukukatika, na michongoma ya pembeni ikawa mstari. Nilisikiliza kwa mwili wote. Sikusikia kokoto. Akaachia kitufe kabla Frank hajaachia pedali, kama inavyotakiwa.

Tukasimama. Injini ilikuwa inazunguka polepole, taratibu. Mwanaidi hakuweza kugeuka, akasema huku akitazama mbele.

"Fundi, lilisita?"

"Halikusita."

Hakuuliza mara ya pili. Alikaa akiisikiliza injini mpaka Frank alipoizima.

Alifariki kabla mvua hazijaanza. Tulimpeleka Busi, na Frank aliendesha lile gari kwenye msafara, mtungi ameuacha nyumbani. Kule nilikaa na wanaume jamvini. Waliponiuliza mimi ni nani kwake, nikasema tulikuwa tunafunga magari pamoja. Kaka yake wa lori akasogea akanipisha mbele, nikashika jeneza pamoja nao. Udongo wa kule ni mwekundu, na ni mzito kuliko wetu.

Frank hakushindana tena. Alikuja mwenyewe kunisaidia kutoa ile gesi. Sahani, valvu na mirija vimo kwenye boksi juu ya rafu ya stoo, mtu asiviuze kama vyuma chakavu. Aliponiuliza kama apake rangi pale kwenye boliti nilipokwangua, nikamwambia apaache. Juzi nililiona likipita Area D. Sikumsimamisha. Nilisikiliza tu mpaka lilipokata kona.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka kadhaa, na mliona nilikuwa sisemi sana. Mkadhani nimezeeka. Kila gari nililofunga na mtu mwingine wa umeme, nilipanda naye kama sheria inavyotaka, na kila mara nilijikuta nangoja mtu aulize.

Magari mnayoletewa siku hizi hayana kabureta, na kompyuta inawaambia kosa liko wapi. Vizuri. Lakini umeme bado unarudi kwa bodi, na watu bado wanapaka rangi. Kisu nimekiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Utepe umefumuka upande mmoja, ufungeni upya. Kisinolewe. Kwa rangi, kinatosha hivyo.